Besi ya kwanza huanzia miguuni

Vijana ninaowafundisha besiboli hudhani kulinda besi ya kwanza, kituo cha kwanza anachokimbilia mpigaji, ni kazi ya yule mrefu asiyejua kukimbia. Hapana! Mpira ukipigwa chini, wahi besi, mgeukie mwenzako anayekurushia, visigino vikigusa ukingo wa besi. Usijinyooshe mapema: subiri uone mpira unakokuja, ndipo ukanyage besi kwa mguu wa upande usio na glovu na kuufuata mpira kwa mguu mwingine. Mrusho ukienda kombo, achana na besi, okoa mpira.

Mirusho inayodunda ndiyo mtihani. Nawapigisha magoti, nawarushia mipira idunde karibu kabisa. Glovu ianzie chini, ipande nao.

Mashoto wana bahati, hurusha besi ya pili bila kugeuza mwili. Keith Hernandez, mashoto aliyelinda besi ya kwanza katika ligi kuu ya Marekani, alitwaa Gold Glove (tuzo ya mlinzi bora) 11 mfululizo, 1978 hadi 1988.