Gari umeshaiinua, sasa tairi gani? Jinsi ya kuchagua rimu na tairi kubwa bila kujuta

Wadau, swali la "nimefunga lifti ya inchi 2, niweke tairi gani" (lifti ni vifaa vya kuinua bodi ya gari) linaulizwa kila siku na jibu linalotolewa haraka ni moja tu, weka 33 mzee, yaani tairi la kimo cha kama inchi 33. Mimi naomba tutulie kwanza kwa sababu tairi tano za 33 ni hela ndefu, na ukikosea hapo ndio unakuta mtu anaanza kukata bodi, mwingine anaweka spesa za kusogeza rimu nje, mwingine kila akikata kona gari inakwaruza. Hapa nitatumia Prado 120 na 150 kama mfano maana ndio zimejaa mtaani, Hilux mambo yake yanakaribiana sana, Jimny nitaigusa chini.

Kitu cha kwanza, na hiki ndio kikubwa kuliko vyote: lifti inainua bodi gari ikiwa imesimama, haiongezi nafasi pale springi inapobana. Ukiangalia gari imepaki unaona pengo zuri kati ya tairi na fenda unasema hapa hata 35 inaingia, lakini ukipiga shimo moja la maana springi inajikunja, tairi linapanda mpaka palepale lilipokuwa linapanda kabla hujainua, kwa sababu zile stopa za mpira huko chini ni zilezile. Kwa hiyo tairi huwa haligongi ukiwa umesimama, linagonga ukiwa umekata stelingi na springi imebana kwa wakati mmoja, yaani unakata kona huku upande mmoja umeingia kwenye korongo. Pima hali hiyo, usipime pengo la gari iliyopaki.

Kusoma namba

Prado nyingi zinakuja na 265/65R17. 265 ni upana kwa milimita, 65 ni urefu wa ubavu kama asilimia ya huo upana, 17 ni rimu kwa inchi. Ukitaka kimo cha tairi zima unachukua 265 mara 0.65, unapata 172, mara mbili (ubavu wa juu na wa chini) 344.5, halafu unajumlisha rimu, 17 mara 25.4 ambayo ni 431.8. Jumla milimita 776, kama inchi 30.6. Jifunze hii hesabu, ni ya dakika moja kwenye simu na itakuokoa kwa wauzaji wanaosema "hii ni 33 hii" huku wanakuuzia kitu kingine.

Sasa ukipiga hesabu hiyohiyo, 265/70R17 inakupa milimita 803, inchi 31.6. 285/70R17 inakupa 831, inchi 32.7, na hiyo ndio watu wanaiita 33. Kwa wenye rimu za 16, 265/75R16 ni 804 na 285/75R16 ni 834.

Ona kitu hapo. Kutoka tairi ya kiwandani kwenda 285/70R17 kimo kimeongezeka milimita 54, lakini difu yako (lile bonge la gia kwenye ekseli) inapanda nusu yake tu, milimita 27, kwa sababu nusu nyingine inaenda juu kwenye fenda kukutafutia ugomvi. Ukienda 265/70R17 unapanda milimita 13. Na kwenye ekseli ngumu ya nyuma kumbuka lifti haijainua difu hata kidogo, kinachoinua difu ya nyuma ni tairi peke yake, ndio maana watu wa porini wanahangaika na tairi.

Ushauri wangu kwa Prado yenye lifti ya inchi 2 inayokwenda kazini wiki nzima na porini mara mojamoja: 265/70R17. Jembamba, refu kidogo, haligongi kwa wengi, halili wese sana. 285/70R17 inawezekana, wengi wanatembea nayo, ila jiandae kusukuma plastiki za ndani ya madigadi, kukata kipande cha flepi, na kwa baadhi ya magari kupunguza kona ya ile maunti ya bodi iliyo nyuma ya tairi la mbele. Hiyo ya mwisho ni kukata na kuchomelea chuma kinachoshika bodi na chesi, sio kazi ya kila fundi, kwa hiyo ulizia gharama yake kabla hujanunua tairi na sio baada.

Upana una uongo wake pia. Watu wanadhani pana ndio kupita popote. Angalia Land Cruiser za mkonga mmoja na nyingi zinazobeba watalii, unakuta zimevaa 7.50R16, tairi refu jembamba, na zinapita kwenye tope mwaka mzima. Kwenye tope ambalo chini kuna udongo mgumu, tairi jembamba linakata mpaka linafika chini linashika. Kwenye mchanga unatoa upepo, unashuka mpaka kama 18 psi ukitembea taratibu, tairi linalala linakuwa refu chini, hapo hata la kawaida linaelea. Tairi pana linakuja na uzito, stelingi nzito, na mawe yanayorushwa ubavuni mwa gari.

Rimu

Hapa ndipo watu wanapoharibu kabisa kwa sababu ya muonekano. Cha kwanza PCD, yaani idadi ya bolti na kipenyo cha duara lake kwa milimita, Prado na Hilux za 4WD ni 6x139.7, Land Cruiser 200 ni 5x150, hazibadilishani. Halafu kuna tundu la kati, Prado ni milimita 106.1. Rimu za Land Cruiser 300 nazo ni 6x139.7 na ni nzuri kweli kweli, lakini tundu lake ni 95.1 tu, haliingii kwenye habu ya Prado yako, na muuzaji akikuambia "tunatanua kidogo na greinda" ondoka hapo.

Cha pili ofseti, ile ET iliyoandikwa nyuma ya rimu, ni milimita ngapi sehemu inayokaa kwenye habu imeachana na katikati ya upana wa rimu. Namba ikishuka rimu inatoka nje. Tuseme una rimu ya upana wa inchi 7.5 yenye ET25 unahamia 8.5 yenye ET0 kwa sababu unataka gari isimame kibabe. Ofseti imekusogeza nje milimita 25, upana umeongeza nyingine karibu 13, ukingo wa nje wa rimu umetoka karibu milimita 38 na tairi linaufuata. Sasa ukikata stelingi ule ukingo hauzunguki palepale, unachora duara kubwa zaidi, mbele unafuata kona ya bampa na nyuma unafuata maunti ya bodi. Ndio maana unakuta jamaa wawili wana tairi saizi moja na lifti moja, mmoja haligongi na mwingine linagonga, tofauti ni rimu. Zaidi ya hapo beringi za magurudumu na bolijointi zinabeba mzigo kwa mkono mrefu zaidi, zinaisha mapema. Kama rimu zako za kiwandani ni nzima na upana wake unakubalika kwa tairi unalotaka, baki nazo. 285/75R16 kwa mfano inataka rimu ya inchi 7.5 mpaka 9 hivi.

Rimu kubwa, za 20, kwa gari ya porini sizipendi na nasema wazi. Kimo kikiwa kilekile, kila inchi unayoongeza kwenye rimu unaitoa kwenye mpira, na ule ubavu mrefu ndio unaokunywa mishtuko na ndio unaokuruhusu kushusha upepo bila kupinda rimu kwenye jiwe. 16 au 17 inatosha mradi breki zinaingia ndani. Rimu za chuma ni nzito lakini ikipinda fundi wa kijijini anainyoosha kwa nyundo ukaendelea na safari, za aluminiamu zikipasuka ndio basi.

Na nati jamani. Rimu nyingi za aluminiamu za Toyota kutoka kiwandani zinatumia nati yenye washa bapa, rimu za chuma na nyingi za kununua dukani zinatumia nati yenye koni. Ukichanganya, nati inakaa kama imekaza kumbe imeshika sehemu ndogo tu, inalegea njiani. Ukibadili rimu uliza nati zake hapohapo, na beba za spea kama tairi la spea limebaki na rimu ya zamani.

Tairi lenyewe

AT (all terrain, tairi la mchanganyiko) inatosha watu wengi sana, lami, vumbi na tope la kawaida. MT (mud terrain), yale ya kashata kubwa, yaani meno makubwa ya mpira, ni ya mtu ambaye tope jeusi la mbuga ndio barabara yake ya kila siku, maana kwenye lami yanapiga kelele, yanaisha haraka, na kwenye lami iliyolowa breki zake ni ndefu zaidi. Kama unaishi Dar na unaenda porini Desemba tu, usijitese na MT.

Soma indeksi ya mzigo. 112 maana yake tairi moja linabeba kilo 1120, 121 ni kilo 1450. Usishuke chini ya ile iliyokuja na gari. Herufi inayofuata ni mwendo wa juu kwa kilomita kwa saa, Q ni 160, S ni 180. Ukinunua tairi lenye LT (light truck, la magari ya mizigo midogo) mbele ya saizi, lina ubavu mgumu unaovumilia mawe na miiba lakini linahitaji upepo mwingi zaidi kubeba mzigo uleule, kwa hiyo ile psi ya kwenye kibandiko cha mlangoni haitoshi tena, panda psi chache. Pia ni zito, 285/70R17 LT inafika karibu kilo 25 na hapo hujaweka rimu, na breki zako ndio zinazosimamisha huo uzito unaozunguka. Kama pedi zimeisha anza na pedi.

Tarehe ipo ubavuni, tarakimu nne mwisho wa maandishi ya DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mtumba lenye kashata nzuri lakini la miaka tisa lipite tu.

Yanayobadilika barabarani

285/70R17 ni kubwa kwa asilimia 7 hivi. Spidomita ikisoma 80 unaenda karibu 86, na wale wa tochi hawaulizi saizi ya tairi. Spidomita nyingi toka kiwandani husoma juu kidogo hivyo kosa halisi linaweza kuwa dogo zaidi, pima na GPS ya simu kwenye barabara iliyonyooka ujue yako ikoje. Pia gia zinakuwa ndefu, difu ya uwiano wa 4.10 inatembea kama 3.83, kwa hiyo mlima wa Kitonga na mzigo utaona gari inashuka gia mapema. Dizeli inavumilia. Jimny ya 1.5 haivumilii sana, inakuja na 195/80R15, nenda 215/75R15 hata bila lifti, au 235/75R15 ukiwa umeinua, ukizidi hapo injini inaanza kulia.

Kabla ya kulipa

Omba duka lifunge matairi mawili tu ya mbele kwanza, au azima ya mtu mwenye saizi hiyo. Paka chaki kwenye plastiki za ndani, kona ya bampa, ile maunti ya bodi, na kwa ndani karibu na mkono wa juu wa sasipensheni. Tafuta kingo ya udongo, pandisha tairi moja la mbele taratibu mpaka springi ibane, mwenzako akate stelingi mpaka mwisho kushoto kisha kulia, wewe angalia kwa tochi ukiwa pembeni, vidole mbali. Rudia upande wa pili, kisha jaribu na rivasi kwa sababu kuna yanayogonga ukirudi nyuma tu. Chaki ikifutika ndio umepaona.

Nunua tano. Prado zenye 4WD ya muda wote ukifunga spea ya saizi ndogo, difu ya katikati inafanya kazi muda wote mpaka ufike, na ukiiloki kwenye lami ndio unaua giaboksi ya 4WD. Hilux angalia kama spea kubwa inaingia chini ya bodi, na kwa Prado kagua bawaba za mlango wa nyuma maana zitabeba uzito mpya kwenye kila tuta.

Ukishafunga, piga balansi na alaimenti, kaza nati tena baada ya kilomita 50 mpaka 100, na ukirudi safari ya kwanza ya porini inama na tochi uangalie zile plastiki kama kuna sehemu zimeng'arishwa na mpira.