Kabla hujanunua kinanda cha kukanyaga, pima pumzi yake

Stoo za makanisa yetu mengi bado zina kinanda cha kukanyaga, kimefunikwa kitenge, juu yake vitabu vya tenzi. Ukiambiwa "hicho kimekufa, toa chochote uchukue," usikubali haraka wala usikatae. Njoo na tochi. Mshumaa hapana: funguo nyingi zinazosifiwa kuwa ni pembe za ndovu ni seluloidi, plastiki ya kizamani, nayo hushika moto upesi mno.

Hatua ya 1: Jina. Huandikwa juu ya funguo. Estey wa Brattleboro, Marekani, walitengeneza vinanda zaidi ya 500,000, kwa hiyo jina hilo lisikupandishie bei. Cha maana zaidi ni kinavyopumua. Harmoniamu, ambayo Debain aliiwekea hataza Paris mwaka 1842, husukuma upepo kwenye ndimi za shaba, vile vibamba vyembamba vinavyotetemeka na kutoa sauti. Vya Kimarekani huuvuta. Kinachovuta upepo huvuta na vumbi, na mara nyingi "kufa" kwenyewe ni huko.

Hatua ya 2: Pumzi. Hapa usiwe na haraka. Rudisha ndani stopu zote, yaani vishikio vya kuchagulia sauti, usiguse funguo, kanyaga polepole mara kumi. Mivukuto, yaani mifuko ya upepo, ikiwa mizima, kanyagio zitaanza kugoma. Acha, uhesabu. Pumzi ikikaa nusu dakika, mimi naanza kuulizia bei. Ikiisha kwa sekunde mbili tatu, kitambaa cha mivukuto kimeoza au panya wamekitoboa. Hubadilishwa, ila kwa gundi ya moto. Kimoja nilichonunua kilikuwa kimepakwa silikoni. Nilikwangua wiki nzima, na mwenye kuipaka nilimtaja kila siku.

Hatua ya 3: Sauti. Bonyeza kila ufunguo, stopu moja moja. Isiyolia hainitishi. Chomoa ulimi kwa ndoano yake, usafishe kwa brashi laini, urudishe palepale. Usikwaruze: ukipunguza shaba kwenye ncha sauti hupanda, ukipunguza shinani hushuka. Nina fa moja inayolia kama mbuzi mpaka leo kwa sababu ya msasa wangu.

Hatua ya 4: Mbao. Unga sakafuni maana yake wadudu wangali wanatafuna. Sauti inayolia bila kubonyezwa huenda ni takataka tu chini ya kizibo kinachozuia upepo wa ufunguo huo. Lakini ukiona ufa kwenye ubao unaobeba ndimi, aga uondoke. Ubao huo ukipasuka upepo hupotea kila mahali, na ukarabati hupita bei ya kinanda.

Kikifaulu, kibebwe kimesimama, watu wanne, kanyagio zimefungwa kamba.