Kabla ya Kusifu Kifaru, Kapime Kalavati

Mpwa wangu anapenda vifaru vya vita kuliko chakula. Jioni tukiwa kijiweni kwenye kahawa, hapa Bukoba, ananisogezea simu nione Leopard 2, kifaru cha Wajerumani, ikiruka tuta, halafu swali lilelile: "Mjomba, kwa nini na sisi tusichukue hizi?"

Mimi sikuwahi kuwa askari. Nilikuwa fundi wa madaraja, miaka 27 ya kuingia chini ya sitaha za zege na futi, nyundo na tochi, humu humu mkoani Kagera. Nikamwambia akaniletee kwanza kipimo cha kalavati ya kijijini kwao, ndipo tuzungumze. Akaniona mzee anayekwepa swali. Basi nikamfundisha namna ya kulijibu mwenyewe, na ninyi nawaandikia hivyo hivyo. Mwenye kusafirisha buldoza au eskaveta naye atafaidika, maana buldoza la D8 na kifaru cha T-55 vinakaribiana uzito.

Anza kwa kuandika namba tatu za kifaru chako: uzito kikiwa kimejaa mafuta na risasi, upana, na urefu wa mnyororo unaogusa ardhi. T-55, na ndugu yake wa Kichina Type 59, ni tani 36, upana mita 3.27. Type 62, ambacho nacho jeshi letu limekitumia, ni tani 21 tu. T-90S walizonunua majirani zetu Waganda ni tani 46 na nusu. Leopard 2A6 ni tani 62, upana mita 3.75. Abrams za Wamarekani, zile za karibuni, zinapita 66. Ukikuta takwimu ya uzito bila risasi na mafuta, itupe.

Halafu chagua njia moja. Usiseme "barabara za Kagera"; sema kutoka hapa mpaka pale. Panda bodaboda, hesabu kila kivuko, hata mtaro uliofunikwa kwa slabu. Watu hukimbilia daraja kubwa. Wewe anza na dogo kuliko yote.

Sababu ni hii. Sheria ya uzito wa magari ya Afrika Mashariki inaruhusu lori la ekseli saba kufika tani 56. Mpwa wangu aliposikia hivyo alipiga meza: kumbe Leopard inazidi kwa tani sita tu! Lakini lori lile limetandaza mzigo wake kwenye mita 16 hivi. Likipita juu ya kalavati ya mita 6, kinachoielemea kwa wakati mmoja ni kundi la ekseli tatu, yaani tani 24. Leopard inagusa ardhi kwa urefu usiofika mita 5, kwa hiyo kalavati ileile inabebeshwa tani zote 62 kwa mkupuo. Nilimpigia hesabu nyuma ya risiti ya dukani: nguvu ya kuipinda sitaha katikati inakuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya lori. Hata T-55, tuliyozoea kuiita nyepesi, inalizidi lori kwa asilimia arobaini na kitu. Nenda sasa kwenye daraja la mita 30. Pale lori zima linaenea juu, na Leopard inalizidi kwa chini ya nusu.

Tena daraja la barabara kuu huwa lina akiba. Kanuni ya Kiingereza ya BS 5400, ambayo wahandisi wetu wengi waliisomea, ina gari la kufikirika liitwalo HB. Kwa uniti 45 ni kama tani 180 juu ya ekseli nne. Daraja lililosanifiwa kwa mzigo huo halitishwi na Leopard moja inayotambaa katikati, peke yake, bila kufunga breki. Kwa hiyo uliza mwaka wa ujenzi na mzigo wa usanifu. Ofisi ya mhandisi inavyo kwenye michoro. Wajerumani wakati wa Vita Baridi walirahisisha kazi: walibandika madarajani vibao vya duara vya manjano vyenye namba ya mzigo, vingine vya magari ya magurudumu, vingine vya vifaru. Sisi kibao cha tani ukikikuta kimesimama, shukuru. Nimewahi kukikuta kimoja kinafunika pipa la maji.

Upana nao ni kesi ya dakika mbili, ila umeangusha wengi. Daraja la chuma la Bailey la mtindo wa awali lina njia ya mita 3.3 hivi. T-55 inapenya kwa unene wa kidole, kama dereva hajapiga chafya. Leopard haipiti, hata chuma kingekuwa na nguvu za kuibeba mara kumi. Pima kati ya kingo na kingo za njia, usipime kati ya nguzo za reli za pembeni, halafu angalia kona ya kuingilia.

Sasa shuka chini ya daraja. Huku ndiko nilikoishi. Gonga zege kwa nyundo: likilia kavu, zuri, likilia kama ngoma, limeachana na nondo. Tafuta mistari ya kutu, tafuta nyufa zinazopanda wima katikati ya mhimili. Zaidi ya yote tazama nguzo za kingoni na udongo uliozishika. Mto huchimba taratibu kila masika na juu barabara inabaki inapendeza. Nimefunga njia mara tatu katika maisha yangu, na zote tatu sitaha ilikuwa nzima kabisa. Kilichokuwa kimeondoka ni udongo wa pembeni.

Ukikosa daraja, usijidanganye na picha za kifaru kinachopita mtoni na bomba la hewa. T-55 na T-72 zikiandaliwa zinaweza kupita mita 5 za maji, ni kweli, lakini zinataka kingo za kuteremkia na kupandia, na sakafu ngumu. Mto Kagera una tope na mafunjo. Mwaka 1978 wanajeshi wa Amin walipolivunja daraja la Kyaka, tarehe 3 Novemba, mto ukawa ukuta. Nilikuwa mtoto wa shule, ng'ambo ya kusini. Majeshi yetu hayakuanza kuvuka na silaha nzito mpaka yalipoweka madaraja ya muda. Magofu ya kanisa bado yapo pale Kyaka. Ukienda kuyapiga picha, geuka utazame na kingo za mto.

Tukija kwenye ardhi, hesabu ni rahisi. Zidisha upana wa mnyororo mmoja kwa urefu unaogusa chini, kisha mara mbili, halafu ugawe uzito. T-55: sentimita 58 kwa 384, mara mbili, ni sentimita za mraba 44,544. Kilo 36,000 ukigawa unapata kilo 0.81 kwa sentimita ya mraba. Leopard ya tani 62 inakaribia 1. Tairi la lori lenye upepo wa kawaida linakandamiza 7 na kuendelea. Ndiyo maana kifaru kinapita shambani ambapo Fuso imezama.

Kipimo changu cha mtu asiye na vyombo: beba mfuko wa saruji wa kilo 50, simama kwa mguu mmoja ukiwa na buti. Ukiwa mtu wa kilo 75, hapo unakandamiza kama 0.7. Kisigino kikididimia, rudi nyumbani.

Kisipodidimia, bado usishangilie. Mguu wako ni mdogo, unaonja ngozi ya ardhi tu. Mnyororo mpana unapeleka uzito chini mita nzima na zaidi. Kwa hiyo chukua nondo ya milimita 12, mita moja na nusu, uisukume kwa mikono miwili. Ikikwama sentimita 20 kisha ghafla ikateleza chini kama kisu kwenye ndizi mbivu, una gamba juu na uji chini.

Somo hili lilinigharimu. Karibu na mto Ngono, mkandarasi mmoja alileta eskaveta ya tani 21, mgandamizo wake kama nusu ya kifaru. Mimi ndiye niliyesema pako salama, nilikuwa nimepima kwa mguu. Ilikwenda mita arobaini vizuri. Operata akaigeuza papo hapo, mnyororo mmoja mbele mwingine nyuma, gamba likachanika, ikakaa mpaka kwenye kabini. Siku mbili za magogo ya mikaratusi na minyororo. Tope lina mvuto wake. Kuitoa mashine mle kunahitaji nguvu ya kukaribia uzito wake wote, wakati mwingine zaidi. Basi jiulize: kifaru cha tani 62 kikizama, nani anakitoa? D8 haikiwezi. Utanunua na gari la kukivuta, ambalo nalo ni zito, na linapita daraja lilelile.

Lukaya huko Uganda, mwezi Machi 1979, katika vita hiyohiyo na Amin, inaonyesha ardhi inavyompangia mtu vita. Barabara ya Masaka kwenda Kampala inapita juu ya tuta katikati ya kinamasi ambacho vifaru visingeweza kukikanyaga. Tuta hilo likivunjwa, safari ya Kampala inasimama. Walibya walikuja kumsaidia Amin na T-55 na mizinga ya roketi, Brigedi yetu ya 201 ikatawanyika jioni ya tarehe 10. Kilichogeuza mambo ni Brigedi yetu ya 208 kuzunguka kinamasi na kutokea barabara ya Kampala alfajiri ya tarehe 11. T-55 za Walibya zilikuwa na tuta moja la kusimamia. Zingekuwa na tani 62 kila moja, tuta lingekuwa lilelile.

Jambo la mwisho ni tarehe. Pima mara mbili, Julai na Aprili. Kiwanja cha Julai kwetu hapa ni uongo mtupu.

Juzi mpwa wangu alinipigia akiwa njiani, pumzi juu. Amehesabu vivuko 14 kati ya kijijini kwao na lami. Kalavati ya nne ina njia ya mita 3.4, na nyufa mbili wima.

"Mjomba, niendelee?"

Nikamwambia aache kuhesabu, aangalie kama pembeni pana mchepuko, na achome nondo.