Unataka kutunga muziki wa filamu na matangazo na upo Bagamoyo? Anza hivi

Mdogo wangu, vijana wengi wanaopiga biti huku kwetu wakitaka kuingia kwenye muziki wa filamu na matangazo swali la kwanza huwa lilelile, ninunue nini, kibodi gani, spika gani. Hayo tutafika. Kwanza chukua tangazo lolote la tivii, zima sauti, liangalie mara tano alafu andika kwenye daftari nini kinatokea sekunde ya ngapi. Mama anafungua mlango sekunde ya 4, mtoto anacheka sekunde ya 11, nembo inatokea sekunde ya 28. Hiyo ndo ramani yako. Kwenye wimbo wa kawaida wewe ndo unaamua kiitikio kiingie lini, huku picha ndo inaamua, na ukishalikubali hilo toka moyoni nusu ya kazi umeshaijua.

Sasa hesabu, na usiikimbie maana ni ya darasa la nne tu. Tangazo la sekunde 30 ukiweka tempo 120, yaani mapigo 120 kwa dakika, unapata mapigo 60, gawa kwa 4 maana baa moja ni mapigo manne, unapata baa 15, na baa 15 zinaning'inia, sikio limezoea nne nne na nane nane. Sogeza tempo iwe 128, mapigo yanakuwa 64, baa 16 kamili. Ukitaka ya taratibu weka 96 unapata baa 12. Kwenye hiyo 128 pigo la kwanza la baa ya 16 linaangukia sekunde ya 28 na kidogo, hapo ndo unapiga la mwisho, pamoja na nembo, alafu unauacha mlio ufifie wenyewe mpaka 30. Usiukate. Muziki uliokatwa kwa kisu mwishoni unasikika hata kwa mtu asiyejua chochote, anahisi tu kuna kitu hakijakaa sawa.

Filamu ni habari nyingine, na hapa nataka tukae kidogo. Filamu yangu ya kwanza ilikuwa fupi, dakika 9, mwanamke anamsubiri mumewe aliyeenda baharini. Nilijaza vayolini kila mahali, nikaweka na ngoma nzito, nikajiona nimemaliza kazi. Dairekta akakaa, akasikiliza yote kwa heshima, akaniambia toa vyote tusikie kunabaki nini. Kilichobaki ni mawimbi na kanga yake inapigwa na upepo. Tukaongeza noti tatu za ilimba, ile marimba ndogo ya kupiga kwa vidole gumba, pale anapogeuka kurudi nyumbani, basi, na siku ya kuonyesha watu walinyamaza kimya. Toka siku ile kabla sijaweka sauti yoyote najiuliza kwanza hii sehemu inahitaji muziki kweli? Mkae na dairekta muangalie filamu nzima pamoja, muandike muziki unaingia dakika gani unatoka dakika gani na kwa nini, na hiyo "kwa nini" ndo muhimu kuliko zote, kama hakuna anayeweza kuijibu acha pabaki kimya.

Na usianze kutunga mpaka edita amefunga picha. Akisema "bado nakata kata kidogo" wewe andaa melodi na sauti zako lakini usilenge sekunde, maana akiondoa fremu 40 tu, zile picha moja moja zinazounda video, mapigo yako yote yanahama. Muulize pia anatumia fremu 24 au 25 kwa sekunde, uweke hivyohivyo kwenye programu yako.

Wahusika wanapoongea, muziki wako uwe na adabu. Maneno ya binadamu yanaeleweka zaidi kwenye eneo la hezi 1,000 mpaka 4,000 hivi (hezi ni kipimo cha sauti nene au nyembamba), sasa ukipiga filimbi au zeze kwa nguvu eneo hilohilo wakati mtu anaongea mnagombania kiti kimoja. Shuka chini na besi, au weka noti ndefu zisizohangaika, melodi isubiri mtu amalize sentensi. Kwa vois ova ya tangazo, ile sauti ya msimulizi asiyeonekana, ni hivyohivyo.

Vifaa sasa, haraka. Laptopu yenye ramu GB 8 angalau, 16 ukijaliwa, hedifoni nzuri za kufunika masikio, kakibodi kadogo ka midi, kale ka kuchomeka kwenye kompyuta, inatosha. Programu za kutungia muziki, Reaper unaijaribu siku 60 bure na leseni yake ndogo ni dola 60, LMMS ni ya bure kabisa, DaVinci Resolve ina toleo la bure la kukatia video. Sauti za okestra za bure zipo nyingi ila mafaili yake ni makubwa, yanakula bando. Na seivu kila baada ya dakika chache, umeme haubishi hodi.

Utajiri wenyewe upo nje ya mlango wako. Okestra ya kwenye kompyuta anayo kijana wa London na wa Mumbai pia, na wanayo nzuri kuliko yako. Lakini wewe nenda pwani asubuhi pale karibu na soko la samaki, kuna mafundi wanatengeneza mashua, fundi anasindilia kalafati, pamba ya kuzibia nyufa, kati ya mbao, nyundo inagonga patasi, ko ko ko, anapumzika, ko ko, na kila akisogea ubao unabadilisha mlio kwa sababu unene wake si mmoja. Mimi nimemrekodi kwa simu, nikaizungushia kitambaa kuzuia upepo, dakika 6 tu, na ile sauti nimeitumia kama ngoma kwenye kazi tatu tofauti. Ongeza mnada wa samaki, kengele za baiskeli, adhana kwa mbali. Na mji huu una wapigaji. Marehemu Mzee Hukwe Zawose, Mgogo aliyeipeleka ilimba na zeze duniani mpaka mauti yalipomkuta 2003, aliishi hapahapa Bagamoyo. Ukienda kurekodi wazee wa ngoma omba ruhusa, lipa, na waandikie kabisa sauti yao itatumika wapi. Usirekodi kisirisiri, hiyo ni dhuluma hata kama sheria haijakufikia.

Kazi utaipata wapi? Anzia TaSUBa, chuo cha hapahapa Bagamoyo ambacho wazee bado wanakiita Chuo cha Sanaa maana kilianza 1981 kwa jina hilo na kikawa TaSUBa 2007. Kuna vijana wanapiga picha filamu fupi za masomo na hawana wa kuwatungia, jitolee mbili tatu, hizo ndo zitakuwa sampo zako. Tamasha lao la kila mwaka usikae nyumbani, wala ZIFF, tamasha la filamu pale Zanzibar, ukipata nauli ya boti, nenda uongee na maedita na madairekta wachanga, nyie mtakua pamoja. Hoteli za ufukweni na wapiga video za harusi nao wanahitaji muziki halali, wengi wanadownload tu nyimbo za watu alafu video inafungwa mtandaoni. Tengeneza sampo ya dakika 2, iliyo nzuri kuliko zote iwe ya kwanza, mtu anasikiliza sekunde 20 ndo anaamua.

Hela sasa. Kampuni moja ilinilipa muziki wa tangazo la mtandaoni, tumekubaliana kwa mdomo, miezi minne baadae nipo kwenye daladala naelekea Bunju nausikia kwenye redio. Nilipopiga simu nikaambiwa "si tulikulipa". Sikuwa na karatasi yoyote, nikakata simu, na iliniuma sana. Kwa hiyo andika, hata ukurasa mmoja, hata meseji ya WhatsApp waliyoijibu: bei, nusu kabla ya kuanza, marekebisho mangapi (mimi natoa mawili), utatumika wapi, mtandaoni au redio au tivii, na kwa muda gani. Wakitaka kuongeza redio wanaongeza hela. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo toka 1999, kasajili kazi zako COSOTA, ofisi ya hakimiliki, siku ya ugomvi cheti kinakusaidia kuthibitisha. Na kwa kila filamu jaza karatasi ya orodha ya muziki, jina la kipande, mtunzi, kimetumika sekunde ngapi, kwa sababu huko mbele malipo ya kurushwa yanafuata ile karatasi.

Siku ya kukabidhi toa faili la wav, lile la sauti isiyobanwa, kwa ubora wa hezi 48,000 biti 24, ile 44,100 ya nyimbo za kawaida waachie wasanii. Toa miksi nzima na stemu zake: ngoma peke yake, besi peke yake, melodi, sauti za nyuma, ili vois ova ikibadilika washushe melodi tu bila kukuamsha usiku. Majina yaeleweke, jina la filamu, namba ya kipande, toleo, sio "final final 3". Na stemu zote zianzie sekunde sifuri, hata kama ngoma inaingia sekunde ya 20, weka ukimya kabla yake, edita aziburute tu zikae zenyewe.