Gari Likigoma Kuwaka, Anza na Sauti

Kabla ya kumwita fundi, washa taa kubwa za mbele kisha zungusha ufunguo huku ukisikiliza, kwa kuwa sauti huelekeza kwenye chanzo cha hitilafu. Taa zikififia na ukasikia mlio wa haraka wa ta-ta-ta, betri imeishiwa nguvu au vichwa vyake vimelegea. Zima gari, fungua boneti, na ukikuta unga mweupe au wa kijani, ondoa waya wa hasi kwanza, safisha kwa maji ya moto yenye magadi, kausha, kisha kaza. Betri nzima ya volti 12 iliyopumzika husoma takribani volti 12.6 kwenye mita. Ikisoma chini ya 12, ichaji kabla ya kulaumu kitu kingine.

Ukisikia “tak” moja tu na taa zisififie, mshukiwa mkuu ni stata, yaani mota inayozungusha injini wakati wa kuwasha. Kukiwa kimya kabisa kwenye gari la otomatiki, jaribu kuwasha mkono wa gia ukiwa kwenye N (gia huru).

Injini ikizunguka kwa kasi yake ya kawaida lakini isishike, achana na betri, maana tatizo huwa upande wa mafuta au moto wa plagi. Zungusha ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake, bila kupiga stata, utege sikio karibu na tangi: katika magari mengi ya petroli ya injeksheni, pampu huvuma kwa sekunde chache. Isipovuma, kagua fyuzi na relei yake (swichi ndogo ya umeme inayoiwasha). Geji ya mafuta nayo hudanganya, huenda tangi ni tupu. Ongeza lita 5 kabla ya kuruhusu tangi lishushwe.