Jaribu mgongo wa kisu kabla ya kulipa
Juzi Kirumba, Mwanza, nikichagua kisu cha kukunja, nimejifunza hili: makali hunolewa, lakini loki (kile kinachozuia kisu kilichofunguliwa kisijikunje) ikiwa mbovu hainolewi. Kifungue mpaka kilie "ta", vidole vyote viwe nje ya njia ya makali, kisha gandamiza mgongo wake polepole kwenye ukingo wa meza. Kikijikunja, kiache, ndicho kitakachokurudia vidoleni ukichokoa fundo la kamba. Jaribio halifai kwa visu vya springi visivyo na loki, hivyo hujikunja tu, ni vya kumenyea embe. Na mchanga wa ziwani ukiingia kwenye loki, hata nzima huteleza: kioshe, kikaushe, kijaribu tena. Matawi ya uani yaachie panga, tafadhali.