Prosesa na kadi ya grafiki: nani anamsubiri nani?

Kijana mmoja wa Makorora aliingia dukani kwangu Ngamiani, hapa Tanga, amekumbatia boksi kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Ndani mna kadi ya grafiki, RTX 3060. Ameifuata Kariakoo mwenyewe, na tangu Dar mpaka Segera mpaka hapa boksi halikushuka mapajani. "Dada, nifungie hii, leo GTA itateleza."

Nikafungua mashine yake. Prosesa ni Core i5-3470, ya mwaka 2012. RAM kijiti kimoja cha GB 8. Nikajua tutalumbana kabla sijashika bisibisi.

Kadi yake ya zamani, GTX 1050 Ti, ilikuwa inampa fremu 55 hivi (fremu ni picha moja nzima) kwa sekunde akiendesha gari katikati ya mji. Tulipofunga mpya akapata 59. Akanitazama. "Imekufa hii?" Haijafa. Ilikuwa inafanya kazi kwa asilimia 40 tu, muda uliobaki imekaa inasubiri kuletewa kazi.

Mama yangu alikaanga samaki pale sokoni Deep Sea miaka mingi, basi mimi jambo hili huwa naeleza kwa karai. Kuna anayepara samaki na kuna anayekaanga. Prosesa ndiyo mparaji: inakokotoa gari liko wapi, risasi imempata nani, mpita njia anageukia wapi, kisha inaikabidhi kadi orodha ya vitu vya kuchora. Kadi ndiyo mkaangaji, inachora. Karai likiwa la samaki kumi na mbili na mparaji anatoa mmoja mmoja, ukinunua karai la ishirini na nne unaongeza mafuta tu.

Sasa tuweke hesabu. Skrini ya Hz 60, yaani inayobadilisha picha mara 60 kwa sekunde, inataka fremu mpya kila milisekunde 16.7. Prosesa ikichukua milisekunde 22 kuandaa fremu moja, hupati zaidi ya fremu 45 kwa sekunde, hata kama kadi inamaliza uchoraji wake kwa milisekunde 8. Mwenye kasi ndogo ndiye anayeamua. Na kinyume chake ni hivyo hivyo: prosesa ya mwaka huu na kadi hafifu, prosesa ndiyo itakayokaa kivulini.

Kabla hujanunua chochote, pima. Nenda kwenye gemu uzime V-Sync (inayozuia fremu zisizidi kasi ya skrini) na kikomo chochote cha fremu, maana vikiwa vimewashwa kadi itaonekana imepumzika na wewe utailaumu prosesa bure. Weka programu ya MSI Afterburner ikuonyeshee namba pembeni ya skrini wakati unacheza. Cheza mahali pale pale kwa dakika kumi, na pawe pagumu: mji wenye watu, siyo jangwani. Kadi ikikaa asilimia 95 hadi 99, vizuri, ndiyo inayofanyishwa kazi, na ukitaka fremu zaidi utabadilisha kadi. Ikicheza kwenye 50 au 60 na fremu hazikutoshi, tatizo liko kwa mparaji.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wanaangalia prosesa, wanaona asilimia 40, wanasema mbona haijachoka. Prosesa yenye nyuzi nane (threads, yaani foleni za kazi ndani ya viini vyake) inaweza kuonyesha 40 huku kiini kimoja kimejaa mpaka pomoni, na gemu nyingi zinamwekea kiini kimoja mzigo mkubwa kuliko wenzake. Fungua Task Manager, bofya kulia kwenye grafu ya prosesa, chagua ikuonyeshe kila uzi peke yake. Utaona mmoja umegonga dari na wengine wanapiga soga.

Kama bado una shaka, shusha ukubwa wa picha kutoka 1080 hadi 720, yaani idadi ya mistari ya nukta toka juu hadi chini. Umempunguzia kazi mkaangaji, mparaji anapara idadi ile ile. Fremu zikiruka juu, kadi ndiyo iliyokuwa imeelemewa. Zikibaki palepale, ni prosesa. Kijana wa Makorora tulishusha mpaka 720, namba ikabaki 59, 60, 59. Akakaa kimya, akaomba maji.

Kwa hiyo swali la kwanza ninalomuuliza mteja ni skrini, hata kabla ya pesa. Mwenye skrini ya 1440 anachora nukta karibu milioni 3.7 kwa kila fremu, wakati wa 1080 anachora milioni 2.1. Huyo ongezea kwenye kadi. Anayecheza Counter-Strike 2 au Valorant kwenye skrini ya Hz 144, huyo prosesa kwanza, maana gemu zile ni nyepesi kuchora na mchezaji anataka fremu nyingi mno. Wa mpira jioni kwenye skrini ya Hz 60 wala asijisumbue sana.

Mashine nyingi zinazopita mezani kwangu ni mtumba wa maofisini, i5 na i7 za kizazi cha nne. Kwa i5-4570 mimi huwa siendi mbali na GTX 1650 au 1050 Ti. Ukiwa na i7-4770, yenye nyuzi nane, inaibeba GTX 1060 ya GB 6 au RX 580 bila kuhema sana. Kadi kama RX 6600 au RTX 3060 zinataka angalau i3-12100F au Ryzen 5 3600, na mimi ningependa Ryzen 5 5600 kama mfuko unaruhusu. Tena usidanganywe na jina "i7". Ile i3-12100F ina viini vinne na nyuzi nane, sawasawa na i7-4770, lakini inaiacha mbali kwa sababu kila kiini kina kasi zaidi. Muuzaji akikwambia "ni i7 hii", muulize kizazi cha ngapi. Jambo moja la kukumbuka: prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni, na hiyo Ryzen 5 5600, hazina grafiki ya ndani, kwa hiyo bila kadi skrini haiwaki.

Kwenye bajeti ya vitu hivi viwili, mimi hugawa theluthi moja prosesa, theluthi mbili kadi. Si amri ya mtume, ila mara chache imeniangusha.

Kilichoniangusha ni kasha jembamba. Mteja alileta kompyuta ya ofisi ya kizazi cha nne, ile inayolala chini ya skrini. Nikaona RX 6400 ni fupi, inakula wati 53, haihitaji waya wa umeme, nikamwambia chukua. Kosa langu. Kadi ile inatumia njia nne tu za PCIe, barabara ya data kati ya kadi na kompyuta, na imeundwa kwa kizazi cha nne cha PCIe. Mashine za wakati ule zina PCIe ya kizazi cha tatu, kwa hiyo barabara ikapungua nusu, na GB 4 za kadi zikijaa, picha inashtuka kama daladala kwenye mashimo. Juu ya hayo, haina kifaa cha kurekodi video, na mteja alikuwa anataka kurekodi. Nikamtafutia GTX 1650 ya kimo kifupi, tofauti ya bei nikailipa mimi. Tangu hapo napima nafasi ya kasha kwa rula, nasoma karatasi ya kadi mstari kwa mstari, na naangalia pawasaplai: sloti yenyewe inatoa wati 75 basi, zaidi ya hapo lazima kuwe na waya wa pini sita au nane kutoka kwenye pawasaplai. Nyingi za maofisini waya huo hazina. Kile kiunganishi cha kugeuza waya wa diski kuwa wa kadi, mimi sikifungi, nenda kwa fundi mwingine.

Halafu kuna joto letu. Februari hapa Tanga, chumba kimefungwa na feni inasukuma joto lile lile, prosesa ambayo pesti yake ya kupitisha joto imekauka inakaribia nyuzi joto 100 na inajipunguzia kasi yenyewe. Hapo kipimo chako chote kinakuwa uongo. Safisha vumbi, badilisha pesti, ndipo upime. Wa Raskazone mnaoishi karibu na bahari, angalieni na kutu kwenye sloti.

Kijana wangu alitaka kuirudisha kadi Kariakoo. Kadi ingekuwa kama mgeni wetu wa Tanga, waja leo waondoka leo. Nikamwambia usirudishe, kadi ni nzuri, umeanza tu na mwisho. Mazabodi yake, ile bodi kuu ya kompyuta, inakubali i7-3770, nayo ikapatikana ya mtumba, tukaongeza na kijiti cha pili cha GB 8 ili RAM ifanye kazi mbilimbili. Mji ule ule, barabara ile ile: fremu 74, mishtuko imekwisha, kadi imepanda mpaka asilimia 50. Hiyo nusu nyingine anaidundulizia. Kila Jumamosi anapita kuuliza bei ya Ryzen 5 5600 na mazabodi yake, na kila Jumamosi ananiuliza kama kadi inaharibika ikikaa bila kazi.